Dema na Uzio: Mitego ya Wazee Wetu na Amana ya Bahari

Mama anapomchagua tafi sokoni humtazama jicho, humfunua shavu aone wekundu wa matamvua, kisha humbonyeza ubavu. Mambo hayo matatu humtosha kujua kama samaki ni mpya au amelala. Lakini liko swali la nne ambalo ni wachache wanaoliuliza, nalo ni hili: samaki huyu amevuliwa kwa nini? Kwa mshipi, kwa wavu, kwa mkuki, au kwa dema?

Swali hilo si la wavuvi peke yao. Jawabu lake lagusa ladha ya mchuzi, lagusa halali ya chumo la mvuvi, na lagusa yale watakayoyakuta baharini wajukuu zetu. Kwa hiyo wiki hii tumeona ni vyema tuizungumzie mitego ya jadi ya pwani yetu: asili yake, ufundi wake, adabu zake, na yale yaliyoisibu katika zama zetu hizi.

KHABARI YA MIAKA ELFU MBILI

Mtego wa samaki haudumu. Fito huoza, kamba hulika, mawimbi hutawanya kilichobaki. Nyumba ya mawe yaweza kusimama miaka mia saba kama tuonavyo Gede, lakini dema halifiki hata miaka michache. Ndiyo maana anayeitafuta historia ya mitego haipati kwa kuchimba mitego yenyewe. Huipata katika maandishi ya wasafiri na katika mifupa ya samaki iliyotupwa majaani.

Katika maandishi, khabari ya kale mno inatoka katika karne ya kwanza Miladia, zaidi ya miaka mia tano kabla ya Hijra. Mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho hujulikana kama Periplus ya Bahari ya Erythraea. Alipofika kuielezea pwani yetu alitaja kisiwa alichokiita Menuthias. Wanazuoni wamekhitalifiana: wako wasemao ni Pemba, wako wasemao ni Unguja, na wako wasemao ni Mafia. Akasema kwamba watu wa hapo walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, wakivua samaki na kuwakamata kasa. Kisha akaongeza jambo aliloliona kuwa ni la pekee kwa watu hao: walikuwa wakitega vikapu vilivyosukwa, wakivifunga penye milango ya maji baina ya miamba.

Naam, vikapu vilivyosukwa vikategwa mlangoni mwa mwamba. Mtu wa Funzi, wa Vanga au wa Faza akisomewa maneno hayo leo hahitaji kufasiriwa. Atasema mara moja: hilo ni dema.

Ushahidi wa pili ni mifupa. Katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alichimba magofu katika muongo wa 1980. Hapo ndipo zilipopatikana athari za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa iliyopata kujulikana katika Afrika Mashariki. Pamoja na vigae na shanga, majaa ya mji ule yalikuwa na mifupa mingi ya samaki. Wale wa tabaka za mwanzo wengi wao walikuwa samaki wa maji ya ndani, wakaao miambani na karibu na mikoko, wa jamii kama za changu na pono. Ndio samaki haohao waingiao katika madema hata leo. Hatuwezi kusema kwamba kila mfupa ulitoka katika mtego, maana mshipi na wavu pia vilikuwako. Hata hivyo twaona kwamba watu waliouswalia msikiti ule wa miti walikula kutoka katika bahari ileile ya mwambao, ambayo ndiyo shamba la dema na uzio.

Wala sisi si peke yetu. Kwa ndugu zetu wa Ghuba, katika Bahrain na nchi jirani, uko ua wa kutegea samaki unaojengwa ufukweni uitwao hadhra, na uko mtego wa umbo la kuba uitwao gargur, ambao zamani ulisukwa kwa makuti ya mtende na siku hizi hufanywa kwa waya. Bahari iliyoleta majahazi kwa pepo za kaskazi ilileta pia watu wenye elimu ya maji, na watu wetu nao walikwenda kwao. Nani alimfundisha nani ni jambo la Mola kulijua. La yakini ni kwamba penye miamba, maji yanayopwa na kujaa, na mkono wenye kujua kusuka, mtego huzaliwa.

DEMA

Mtego uliosambaa zaidi kwetu ni dema, na mahali pengine huitwa lema. Wingi wake madema au malema. Ni kikapu kikubwa, bapa, chenye pande sita mara nyingi, upana wake hukaribia mita moja hadi moja na nusu. Husukwa kwa mianzi iliyopasuliwa au kwa fito nyembamba, kwa mpango wa matundu ya pembe sita yanayofuatana kama sega la nyuki. Mbele yake huingia ndani kidogo, na hapo ndipo penye mlango. Mlango huo ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, kama faneli. Samaki huingia kwa raha akifuata chambo. Akishafika ndani huzunguka pembezoni, haoni tena tundu dogo lililo katikati. Hakuna kilichomfunga, ni umbo la mlango tu lililomshinda.

Chambo chake si ghali. Kwa tafi na pono, ambao chakula chao ni mwani na majani ya baharini, hutiwa mwani. Huchanganywa na konokono waliopondwa, kaa wadogo, au kiti cha pweza, ili harufu iwavute na wengine kama changu na mkundaji. Kisha hutiwa mawe ya kulizamisha, na dema huteremshwa polepole mpaka chini, baina ya mwamba na majani. Wako wanaolifungia chelezo juu ya maji lijulikane. Wako wasioweka alama yoyote, wakalikumbuka mahali lilipo kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu: mnazi mrefu na mnara wa msikiti, au kichwa cha kilima na pembe ya kisiwa. Vikikaa katika mstari mmoja, na vingine viwili upande wa pili vikakaa vivyo hivyo, mvuvi huchoma upondo wake majini na kulikuta dema pale pale alipoliacha.

Kulisuka si kazi ya siku moja wala ya mtu asiye subira. Mwanzi huchaguliwa, hupasuliwa, hukwanguliwa mpaka vipande viwe na unene mmoja, maana kipande kinene hukataa kupinda na chembamba hukatika. Matundu lazima yalingane. Mlango ndio mtihani wa fundi: ukiwa mpana mno samaki hutoka, ukiwa mwembamba mno haingii. Elimu hii haikuandikwa vitabuni. Baba alimsukia mwanawe akiangalia, kisha mwana akasuka babake akiangalia, na dema la kwanza la mwana lilipotoka na samaki ndiyo ilikuwa shahada yake.

Ubora mmoja wa dema ni huu, nao wamhusu moja kwa moja mwenye kupika: samaki wake hutoka majini yu hai. Hakuchomwa na mkuki ukamharibu ubavu, hakunyongwa na wavu usiku kucha akaanza kuharibika kabla ya alfajiri. Na kwa kuwa yu hai, yule mdogo au asiyetakiwa aweza kurudishwa baharini akaishi, mvuvi akitaka.

UZIO, WANDO NA MGONO

Dema humwendea samaki alipo. Uzio humngoja maji yamlete. Uzio ni ukuta wa fito uliofumwa kwa kamba mfano wa jamvi refu, unaoweza kukunjwa na kubebwa katika mtumbwi. Husimamishwa kwa vigingi penye mchanga au matope, karibu na mikoko, kwa mzunguko wa nusu duara au wenye pembe zinazoelekea kilindini. Maji yakijaa, samaki hupita na kuja kula ufukweni. Maji yakianza kupwa, hurudi baharini kama walivyokuja, wakakuta ukuta. Huufuata ukuta wakidhani watafika mwisho wake, kumbe mwisho wake ni chumba. Maji yakishakauka, mvuvi huingia kwa miguu na kuokota riziki yake kwa kikapu.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania, Unguja na Pemba, ua wa namna hii ulio imara zaidi huitwa wando. Na penye mito na vijito viingiavyo baharini, watu hutega mgono, kikapu kirefu kilicho chembamba upande mmoja, ambacho samaki akiingia hawezi kugeuka.

Akina mama nao wana sehemu yao katika elimu hii. Katika maji ya magotini, penye mikoko na mchanga, wanawake wa pwani yote tangu zamani wamekuwa wakitanda uduvi na dagaa kwa shuka: wawili huishika nguo pembe zake, wengine huwaelekeza samaki, kisha nguo huinuliwa kwa pamoja. Ni uvuvi wa ushirika, wa kupwa kwa maji, unaomwezesha mama kurudi nyumbani kwa wakati akiwa na kitoweo.

KALENDA YA MVUVI NI MWEZI

Mwenye kutega hawezi kuwa mjinga wa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Hizo ndizo siku za uzio, kwa kuwa ufukwe huachwa wazi hadi mbali. Mwezi unapofika nusu, maji huwa mafu, hayendi mbali wala hayarudi mbali, na uzio hupumzika. Dema lafanya kazi siku zote, lakini mvuvi humtafuta samaki mahali tofauti kwa kila hali ya maji.

Juu ya mwezi kuna pepo. Kusi ivumapo, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba. Kaskazi ivumapo, baina ya Novemba na Machi, maji hutulia na kung'aa, na wavuvi huenda mbali zaidi. Katika msimu huo wa kaskazi, wataalamu waliochunguza eneo la Msambweni wameeleza kwamba tafi hukusanyika makundi makubwa kwa ajili ya kutaga, hasa siku za mwezi mpevu na zinazofuata. Wavuvi wa madema walilijua jambo hilo kabla ya kuandikwa, wakayapeleka madema yao huko.

Hapa pana jambo la kutadabari. Samaki wa siku hizo wana mayai tumboni. Ni siku za chumo kubwa kwa mvuvi, na ni siku za uzazi kwa samaki. Ilipokuwa wavuvi ni wachache na madema ni machache, wengi wa samaki walipona wakataga. Leo hesabu si ile, na mwenye akili hakati mnazi ili aangue madafu.

MTEGO NA SHARIA

Bahari ni riziki iliyowekwa wazi kwa waja wote. Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameitaja neema ya nyama mpya itokayo baharini, na katika Surat Al-Maida amebainisha uhalali wa mawindo yake. Lakini mtego una mas'ala yake ambayo mshipi hauna, kwa sababu mwenye mtego huuacha akaenda zake.

Dema hulala baharini usiku mmoja au zaidi bila mlinzi. Mwenyewe yuko nyumbani na watoto wake. Je, samaki aliyeingia humo ni wa nani? Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani hii, wameeleza kwamba mawindo humilikiwa na mtu kwa kuingia katika mtego alioutega kwa ajili yake, hata kama bado hajaushika kwa mkono. Kwa hiyo anayelipandisha dema la mwenziwe na kuchukua kilichomo, hakuokota cha baharini. Amechukua mali ya mtu. Na aliyefanya hivyo hatoshelezwi na kusema astaghfirullah peke yake. Juu yake pana haki ya kurudishwa au kuombewa radhi kwa mwenyewe.

Vilevile haifai kumuuza samaki aliye ndani ya mtego ulio chini ya bahari, hajaonekana idadi wala aina. Wako wachuuzi wenye pupa ambao humtangulizia mvuvi fedha na kusema: "Kitakachotoka leo katika madema yako ni changu kwa kiasi hiki." Hiyo ni biashara ya gharari, na mwisho wake kwa kawaida ni mmoja kudhulumika. Mkopo uwe mkopo, na mauzo yawe mauzo, samaki akishaonekana.

La tatu ni kisa ambacho watoto wetu hukisoma madrasani, lakini hawaambiwi kila mara kwamba ni kisa cha wavuvi. Katika Surat Al-Aaraf, kuanzia aya ya 163, yametajwa mambo ya mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakajaribiwa: siku hiyo samaki walikuja juu waziwazi, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wameeleza hila waliyoifanya. Baadhi yao walitega Ijumaa, wakaacha mitego ifanye kazi Jumamosi, wakaja kuchukua Jumapili, wakijidai hawakuvua siku iliyokatazwa. Walidhani kwamba mkono wao ukiwa umepumzika, basi wameitii amri. Na katika mji huo waligawanyika: waliofanya hila, waliowakataza, na walionyamaza wakawauliza wenye kukataza, mnawaonya ya nini?

Mtego ni chombo kinachofanya kazi mwenyewe akiwa amelala. Kwa hiyo ndicho chombo chepesi kuliko vyote kufanyia hila. Anayeliteremsha dema usiku mpakani mwa sehemu iliyotengwa isivuliwe, kisha akasema "mimi sikuingia ndani," na akitazame vizuri kisa hiki.

YALIYOBADILIKA

Kwa karne nyingi mitego hii iliishi na bahari kwa amani. Sababu yake si kwamba wazee walikuwa malaika. Dema lilichukua siku kadhaa kusukwa, mtumbwi ulibeba machache, na kusi ilimfungia mvuvi mlango miezi mingi. Mipaka ilikuwa ndani ya chombo chenyewe.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta uzi wa nailoni. Wavu uliokuwa ukifumwa kwa miezi ukawa wanunuliwa dukani kwa siku moja, hauozi, na matundu yake yakawa madogo kadiri mtu apendavyo. Juya, wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukoni, likawa linakomba majani ya baharini pamoja na vitoto vya samaki vilivyojificha humo. Bunduki za kuchomea samaki zikaingia mikononi mwa vijana. Idadi ya watu ikaongezeka, na aliyekosa kazi mjini akaikimbilia bahari.

Serikali ya Kenya ilianza mapema kutenga sehemu za hifadhi: Malindi na Watamu mwaka 1968, na Mombasa mwaka 1986. Mwaka 2001 matumizi ya juya la kukokota na bunduki za samaki yakapigwa marufuku. Mwaka 2007 zikatolewa kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, vijulikanavyo kwa kifupi kama BMU, ili wavuvi wenyewe wawe na sauti katika bandari zao. Na huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wanakijiji walichukua hatua ya kuitenga sehemu ya bahari yao kwa hiari yao, isivuliwe kabisa, wakaiita tengefu. Mwaka 2017 juhudi yao ilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Madema hayakupigwa marufuku. Hata katika sehemu za akiba zinazopakana na hifadhi, uvuvi wa jadi kama huo umeruhusiwa. Hata hivyo tusiyasifu mpaka tukayavua lawama zote. Wako wasukao siku hizi kwa matundu madogo mno, wakitaka hata kidole cha mtoto kisipite. Wako wanaotumia waya na nailoni badala ya mwanzi na kamba. Dema la mwanzi likipotea katika dhoruba huoza, mlango ukaachia, samaki wakatoka. La waya hubaki huko chini muda mrefu, likikamata samaki ambao hakuna atakayewala. Kila msomaji anaijua khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mvuvi na ahofu kufungia viumbe ambao hatarudi kuwafungulia.

MWANYA MDOGO, FAIDA KUBWA

Katika haya yote kuna khabari njema, nayo imetoka katika maji yetu wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wawili, Emmanuel Mbaru na Timothy McClanahan, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu madema ya Kenya. Jambo lililofanywa lilikuwa jepesi: katika dema liliachwa makusudi mwanya mwembamba, wa kusimama, ambao samaki mchanga au mwembamba wa mbavu aweza kupenya akatoka, na samaki mkubwa hawezi.

Mtu wa kawaida atasema: huyo mvuvi amejitoboa mfuko mwenyewe. Kinyume chake, walioutumia mwanya huo walipunguza vitoto na samaki wasio na soko, kama vile vipepeo wa baharini. Samaki waliobaki wakawa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi kikaongezeka. Samaki mkubwa ana bei nzuri, na kitoto kilichoachiwa leo huwa ndiye samaki wa kesho.

Faida haikomei katika mfuko. Pono huparura miamba na kuisafisha, tafi hula mwani usizidi, na kikande hula wale viumbe wa miiba wanaochoma miguu ya mtu apitaye mwambani. Wakimalizwa samaki hao wakiwa wachanga, viumbe wa miiba huzidi, nao hutafuna mwamba mpaka uishe nguvu. Na mwamba ndio ukuta unaozuia mawimbi yasiule ufuo wetu. Kuacha mwanya katika dema, basi, ni kutia jiwe katika ukuta wa mji.

ZAMU YA MWENYE NYUMBA

Akina mama wanaosoma gazeti hili waweza kusema: sisi hatusuki madema wala hatupandi mitumbwi, tufanye nini? Ukweli ni kwamba mkono unaonunua ndio unaomwelekeza mkono unaovua. Mvuvi hawezi kuendelea kuleta kisichonunuliwa.

La kwanza, usinunue fungu la vitoto vya tafi na changu kwa kuwa ni rahisi. Fungu hilo lina miiba mingi na nyama kidogo, na kila kimoja humo kilikuwa hakijapata kutaga hata mara moja. Kama fedha ni chache, dagaa na uduvi, ambao hata wakikua hubaki wadogo, ni kitoweo chema, au nunua samaki mmoja mkubwa mkagawana na jirani.

La pili, uliza. Muulize mchuuzi samaki ametoka katika nini. Mama karanga, yule mwanamke anayenunua bandarini na kukaanga kwa ajili ya mtaa, ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Yeye humjua kila mvuvi kwa jina, na akimwambia "hawa wadogo sitachukua," neno lake huzidi bango la serikali.

La tatu, chandarua cha mbu ni cha kumkinga mtoto na homa. Tumeanza kukiona mahali pengine kikikokotwa majini, na matundu yake hayamwachi hata samaki wa jana. Kutanda kwa shuka, kwa kiasi cha kitoweo, kulikuwa na mpaka wake. Kukokota chandarua ni kuchoma ghala la mbegu.

La nne, na hili ni kwa wazazi wote wawili, mtoto na afundishwe. Bado wako mafundi wa madema Shimoni, Vanga, Funzi, na katika visiwa vya Lamu. Wengi wao ni wazee, na vijana wengi wanaowazunguka wanajua kufungua simu kuliko kupasua mwanzi. Likizo ya skuli ni ndefu. Mwana akikaa wiki mbili na babu yake akisuka, hata kama baadaye atakuwa daktari au karani, atakuwa amejifunza subira, hesabu ya matundu, na mwenendo wa mwezi. Na kama atakuwa mvuvi, atakuwa mvuvi mwenye elimu.

Tumetaja kwamba dema hulala baharini bila mlinzi. Ukilifikiri jambo hilo utaona kwamba ufundi huu wote umesimama juu ya uaminifu. Mvuvi humwamini mwenziwe kwamba hataligusa. Mnunuzi humwamini mvuvi kwamba samaki ni wa jana usiku, si wa juzi. Na kizazi kinachokuja, ambacho hakiwezi kusema wala kushitaki, kimetuamini sote kwamba tutakiachia samaki wa kutosha. Bandu bandu huisha gogo, na bahari, kwa upana wake wote, nayo ni gogo.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya wanaosuka, awarejeshe salama waliomo majini, na atujaalie kula kilicho halali na kuwabakishia wenzetu. Amin.